Diski ya Kuweka

Njau alimtambua yule mama kabla hajaketi. Mapema mwaka huu mama huyo alikuja hapa kwenye duka la Njau la vifaa vya kompyuta, mtaani Kimbo, na mwanawe, kijana aliyepiga video za harusi na mazishi kutoka Ruiru hadi Thika. Walichagua diski ya kuhifadhia video, ndogo, nyepesi, ya haraka, kwa sababu wateja wa kijana hawakuwa na subira.

Sasa mama aliiweka diski ileile kwenye kaunta, imefungwa kwa kitambaa.

"Imeharibika, mum?"

"Hapana. Nataka unieleze vile nitaiweka. Iko na video zake zote, na ile ya kumzika."

Njau hakuwa amesikia kwamba kijana amefariki. Alimpa pole, kisha akarudi kwenye kazi anayoijua. "Utakuwa ukizitazama?"

"Bado sina nguvu. Itakaa tu kabatini."

"Basi hii haifai. Ikikaa miaka bila stima inaweza kupoteza kila kitu. Ya kuweka ni ile ya zamani, yenye sahani inayozunguka ndani. Ni nzito, na inaenda polepole."

"Nipe hiyo. Sina haraka tena."

Aliunganisha diski zote mbili kwenye laptopu, akaanza kunakili. Ile mpya ilinguruma kwa sauti ya chini. Mama aliigusa.

"Inatetemeka," alisema, akaifunika kwa viganja vyote viwili, jinsi mtu anavyoshika kifaranga.

Laptopu ikaandika kwamba kazi imekwisha, diski inaweza kuchomolewa.

Njau aliitazama ile mikono, akaacha waya palepale, diski iendelee kuzunguka.