Jina la Asali

"Jukwaa la bure lina anwani ndefu, mama," fundi wa tovuti alimweleza Apolinaria. "La kulipia linakupa jina unalolitaka, kama halijachukuliwa."

Apolinaria alipapasa kovu la moto kiganjani. Miaka kumi na miwili alirina asali katika misitu ya Igalula, na jina la duka alilibuni yeye. Mumewe alipooa mwingine, alimfukuza Apolinaria, na duka pamoja na jina hilo vikabaki kwa mume.

"Nataka la kulipia. Andika 'Asali Miyombo'."

Fundi aliandika, akasita. "Liko wazi. Lakini si ndilo jina la duka la aliyekuwa mumeo? Wateja wa Dar wakimtafuta mtandaoni, watakufikia wewe."

Apolinaria alitabasamu.

"Lipia. Na namba ya simu, weka yangu."