Rangi ya Zilpa

Zilpa alifungua kinywa kama afanyavyo kila mazoezi, ila mara hii sauti ikatoka. Alishtuka mwenyewe.

Nyuma ya kanisa, Roselyne wa Gesima alikuwa amefumba macho, brashi mkononi. Huyu Roselyne akisikia sauti huona rangi, na kila koo kwake lina rangi yake. Kwaya ya Keumbu ilikuwa imemwita auchore wimbo wao, picha itundikwe ukutani na kila mwimbaji aonyeshwe rangi yake.

Hapo ndipo Zilpa alipoona atagunduliwa. Yeye ni mtu wa Homa Bay, muuza vitambaa pale sokoni, na nyimbo zote za kwaya ni za Ekegusii, lugha asiyoijua vizuri. Tangu ajiunge alikuwa akichezesha midomo tu, akiyumba wenzake wakiyumba, akitabasamu wakitabasamu. Nani angejua? Spika zilikuwa kubwa, na kinanda kipya cha mpigaji wao Duke, ambacho huweza kutoa hata sauti kama za watu, kiliyatetemesha mabati. Lakini mumewe alipofariki, kwaya hii ndiyo iliyomtoa kitandani. Akifukuzwa, Sabato zake atazipeleka wapi?

Basi akayakariri maneno kibandani, huku akipima vitambaa, nusu ya maana haijui. Siku ya kuchorwa akaimba. Aliimba vibaya, lakini aliimba.

Sabato iliyofuata, shuka lililofunika picha likaondolewa. Picha nzima ilikuwa buluu, buluu tele, ya kupendeza macho. Katikati yake ulipita mstari mmoja wa manjano, umepinda hapa, umekatika pale, kama msafara wa siafu waliotawanywa.

Kanisa likaguna. Damaris, anayeongoza sauti ya kwanza na asiyekosa peremende ya kulinda koo, alisema kwa upole, "Naona kuna mtu ametuharibia kazi." Mwalimu Abner, kiongozi wa kwaya, akaanza kuwaangalia waimbaji mmoja mmoja, na kila mmoja akawa anamwangalia jirani yake.

Zilpa aliumia, akaona heri aibu ya mara moja. Akasimama, akavua skafu ya kwaya.

"Hiyo manjano ni mimi, Mwalimu," alisema. "Mnisamehe. Nimewaharibia."

Abner akanyoosha mkono kuipokea skafu. Roselyne akamwahi.

"Mwache nayo, Mwalimu. Hiyo buluu yote ni kinanda." Kisha akawageukia waliobaki, bila ubaya wowote usoni. "Picha haijaisha, ndugu zangu. Sasa ninyi wengine mtaimba siku gani, nirudi niwaweke?"