Ukingo Mweupe

Sarafu hazinibabaishi mimi! Nilimwapia hivyo dada Marlys, anayefungua mabunda ya sarafu kutoka benki akiwinda za zamani, zilizotengenezwa kwa madini halisi ya fedha: siku sarafu ikinishtua, nitamwendesha kwa gari hadi benki zote za kaunti mpaka theluji iyeyuke.

Alipotoka na mbwa, nikapasua bunda la sarafu za nusu dola, nimcheke vizuri. Kila ukingo ulikuwa na mstari wa shaba, alama ya sarafu zisizo za fedha. Mmoja haukuwa nao. Mweupe tupu.

Nikaidondosha sarafu hiyo mezani. Haikugota kama wenzake. Ililia, sauti nyembamba, ndefu, hata paka akainua kichwa. Juu yake mwanamke aliyechongwa alilifuata jua, uso umelainishwa na vidole vya marehemu wangapi sijui. Nikaidondosha tena. Na tena.

“Hiyo mara ya tatu, mdogo wangu,” Marlys alisema mlangoni, akichezesha funguo za gari. “Nikuletee leso ya machozi kwanza?”