Uso wa Zanetta

Tulipovunja kalibu ya udongo, Bikira Maria kwenye bamba la shaba alikuwa amefumbua macho.

Mimi ndiye niliyemchonga kwa nta kabla baba hajamimina shaba, hapa karakanani kwake, mjini Padova, Italia. Nilimfumba macho, kwa sababu uso ule niliunakili kutoka kwa dada yangu Zanetta, siku alipokufa akijifungua bila mume.

Baba aliweka patasi chini. "Mwanangu, umefanya nini?"

"Nilimfumba, baba. Wewe mwenyewe uliona."

Padri akaja kukagua bamba la altare yake. Akasogea kushoto, kisha kulia. Macho yakamfuata.

"Huyu si Mama wa Mungu," akasema taratibu. "Huyu ni yule niliyemnyima kaburi la kanisa."

"Si wewe uliyetaka watakatifu wenye sura za watu, padri, kama walivyochonga Warumi wa kale?" nikamwuliza.

"Kwangua uso huo. Kisha uniombe radhi."

Akagusa shavu la shaba, akaurudisha mkono haraka. Vidole vilikuwa vimelowa.

Nikampa kitambaa.

"Jifute, padri. Uso sikwangui, na radhi siombi."