Mfano wa Mwiko

Siku hizi kila kitabu cha sayansi humsomea mwanafunzi na kumjibu maswali kwa sauti ya mzazi wake. Mume wangu, Mwakio, alirekodi yake kabla ya kufariki, nami kila jioni nilisonga sima nikimsikia akimfundisha binti yetu mada ya joto.

"Mwiko ni wa mbao, Wakesho. Ungekuwa wa chuma, mama yako angeshatutupia sufuria!"

Hapo alikuwa akicheka hadi anakohoa.

Jana mtaala ulibadilishwa, na vitabu vikajisasisha vyenyewe.

"Mama, njoo! Baba anajua sura mpya!" Wakesho aliita kwa furaha.

Nilisikiliza. Hakukohoa hata mara moja.

"Baba Wakesho," nikamwambia, "hebu tuambie ule wa mwiko."

"Mfano huo umeondolewa, Mama Wakesho," alijibu, kwa upole wake uleule.