Seli za Moyo wa Tunu

Seli zilizopelekwa angani kwa utafiti na kurudishwa zilitoka kwenye moyo wa Tunu, aliyefariki na kuzikwa zikiwa bado huko juu. Daktari Msuya alimwita mama wa marehemu, Bi Mwatime, maabarani, akamwonyesha seli hizo kwa hadubini.

“Hapa duniani hutandaa kama chapati, mama. Kule zilikuwa zinaelea bila uzito, zikajikusanya zikawa duara kama mpira. Hata jeni zilizokuwa zimelala zikaamka.”

Bi Mwatime akainama. Zilikuwa zinadunda.

“Zinajua kwamba mwenyewe hayupo?”

“Hapana, mama.”

“Zitaishi mpaka lini?”

“Labda wiki mbili, tukizilisha.”

Bi Mwatime akavua miwani, akaifuta polepole kwa pindo la kanga, akaivaa tena.

“Zinalishwa saa ngapi?” akauliza, akivuta kiti.