Albamu ya Kwanza ya Mama Besi

Fundi redio hajamaliza kukaza skrubu ya kwanza, mwalimu mstaafu alikuwa ameshapandisha sauti mara mbili.

"Nzito!" alisema. "Nzito na ya taratibu. Mtu aliyelia mpaka machozi yakamwishia. Hiyo ndiyo albamu ya kwanza, na asiyeijua asituchoshe."

"Wewe ndiye unayetuchosha," alijibu mshona nguo wa mlango wa pili, ambaye alikuja kuchukua pasi yake na sasa pasi ameshaisahau. "Kaseti hiyo ninayo tangu nikiwa msichana. Ni sauti ya binti anayeanika nguo huku anacheka. Hiyo huzuni umetoka nayo nyumbani kwako, Mwalimu."

Aliyekuwa akibishaniwa alikuwa ameketi kati yao kwenye kigoda, mkoba mapajani, amechoka. Wasikilizaji walimwita Mama Besi kwa sababu ya sauti yake nzito, na ubishi huu alikuwa ameusikia kwa miaka thelathini na mbili. Aliusikia sokoni, benki kwenye foleni, mara moja hata msibani, watu wakiwa wameshika vikombe vya chai. Hakuwa na nguvu ya kuuamua tena.

"Si huyu hapa?" mshona nguo alisema. "Muulize mwenyewe basi."

"Sijui," alisema Mama Besi. Sauti ilimtoka ikikwaruza, kama kiti kinachoburutwa sakafuni. "Niliandika nyimbo kumi, nikaziimba alasiri mbili, nikarudi nyumbani kunyonyesha. Studio hawakunichezea hata moja. Nilikuja kuzisikia kwenye kaseti, kama nyinyi."

Mara ya kwanza hakuitambua sauti yake. Lakini nani huitambua sauti yake akiisikia kwenye redio? Hata gitaa lililia kwa sauti nzito kuliko alivyolikumbuka. Akajiambia kwamba nyuzi za gitaa la studio hazikuwa zimekazwa sawa. Na watu walikuwa wanalia kwa ajili ya sauti ile, wanaume wazima, vibarazani. Ungekuwa wewe, ungewabishia?

Taabu ilianza na albamu ya pili, iliyotolewa na kampuni nyingine. Aliimba kama alivyojaliwa, watu wakampa mgongo. Siyo yenyewe, walisema. Amelewa sifa. Ameiuza sauti yake. Basi akaanza kuitafuta ile ya kwanza. Aliimba kwa kuishusha sauti mpaka koo likauma, akavuta sigara ambazo hakuzipenda hata siku moja, akakohoa damu mara mbili na kumficha mumewe kitambaa. Sauti ikashuka, mwaka hadi mwaka, na makofi yakarudi. Ilipofika pale walipoitaka, daktari wa koo akamwonyesha picha ya vinundu na kumwambia achague kati ya kuimba na kuongea.

Tamasha la Jumamosi lilikuwa la mwisho. Waandaaji walitaka albamu ya kwanza yote, neno kwa neno, kwa sauti ile ile. Daktari alikubali kwa shingo upande, akasema kwamba baada ya hapo asimlaumu. Mama Besi alikuwa na wajukuu watatu, na mdogo bado anataka kusimuliwa hadithi kabla ya kulala. Kabla hajaitoa sauti yote iliyobaki, alitaka kuisikia ile ya zamani mara moja tu, kutoka kwenye utepe wa asili, ajue anakwenda kuitolea nini.

Utepe ulikuwa hapa. Studio yenyewe iliuza kaseti chache kule ilikokuwa, ikafilisika, na utepe ukaletwa kwa fundi huyu. Kaseti nyingine zote, maelfu kwa maelfu, alizinakili yeye, kwenye meza hii, kwa mashine hii hii aliyokuwa ameinamia.

"Kwani kaseti yako uliinunua wapi?" mwalimu alikuwa bado hajamwachia mshona nguo.

"Shangazi yangu aliniletea. Alikuwa jirani na studio."

"Aa! Basi ni feki."

"Na yako imetoka makaburini. Tuache."

"Tayari," fundi alisema, akabonyeza.

Ikatoka sauti ya msichana. Nyepesi, ya juu, mbio mbio, na katikati ya ubeti kicheko kikamponyoka. Mshona nguo alipiga makofi, akageuka kumsuta mwalimu. Mwalimu alikunja uso kama mtu aliyepewa chai ya mwingine.

Mama Besi aliinua mkono, kwa uvivu wa mtu aliyechoka.

"Fundi, mashine yako inakimbia. Ipunguze."

"Haikimbii, dada. Nimeipima leo asubuhi, mwendo wake ndio huo." Fundi alijifuta vidole kwa kitambaa, akiridhika na kazi yake. "Nilijua unakuja, sikutaka kuaibika. Jana nimeifungua yote nikaitia mpira mpya, ule unaozungusha magurudumu. Wa zamani ulikuwa umelegea, mashine inajikokota."

Msichana aliendelea kuimba. Alikuwa ameingia wimbo wa pili, hana habari na mtu.

Mama Besi aliweka kiganja kooni.

"Ulilegea lini?" aliuliza.

Fundi alifikiri kidogo, maana hakuwa mtu wa kudanganya kuhusu kazi yake.

"Mashine niliinunua ikiwa nao hivyo hivyo, dada," alisema. "Ndiyo kwanza nimeubadilisha."